Kodi za Muziki na Hisia Zake: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Kinanda, Mpiga Gitaa na Mwanakwaya

Jioni moja ya mazoezi niliisimamisha kwaya kwenye "amina" ya mwisho wa wimbo. Besi walikuwa wameshika do, waimbaji wa tena wako kwenye so, soprano do ya juu, na alto mi. Nikawaomba wote wabaki walipo isipokuwa alto: ninyi shukeni nusu toni, taratibu. Wakashuka. Ukumbi ni ule ule, watu ni wale wale, neno ni lile lile "amina", lakini kila mmoja alihisi kuna kitu kimegeuka. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaniwahi kabla sijauliza: "Mwalimu, hiyo sasa imekuwa ya msibani." Nikawarudisha alto mahali pao, nyuso zikakunjuka.

Ni sauti moja kati ya nne, nusu toni basi. Tangu siku hiyo ndilo zoezi ninaloanza nalo na kila mwanafunzi, awe wa kinanda au wa gitaa, kwa sababu wengi wanaokuja kwangu wamefundishwa kodi kama mikao ya vidole: hiki hapa, kile pale, hii ni C, hii ni A maina. Wana mikao ishirini mkononi na hakuna aliyewaambia kwa nini mmoja unaliza na mwingine unachangamsha. Hisia ya kodi inakaa mahali pawili. Kwanza ni sauti ya kati, ile waliyoishika alto. Pili ni safari: kodi imetoka wapi na inataka kwenda wapi. Ukiyashika hayo mawili, yaliyobaki ni kuhesabu na kusikiliza.

## Anza kwa kuhesabu, si kwa kukariri

Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Ili tuelewane, neno "hatua" humu lina maana ya umbali wa nusu toni. Kwenye kinanda ni kutoka kibao kimoja hadi kile kinachokifuata, kiwe cheupe au cheusi. Kwenye gitaa ni kutoka freti moja hadi ya pili yake. Kutoka do hadi do ya juu zipo hatua 12. Do hadi mi ni hatua 4, mi hadi so ni 3. Mi na fa ni majirani wa hatua moja, ti na do vilevile, ndiyo maana ukipiga katika C hukuti kibao cheusi kati yao.

Kama umelelewa kwenye kwaya, tayari una mtaji. Solfa tunazosomea, zile d r m f s l t, zilisukwa Uingereza katika karne ya 19. Sarah Glover alianza, John Curwen akaziboresha na kuzieneza, na wamisionari wakaja nazo Afrika, maana zinaandikika kwa herufi za kawaida hata kwenye ubao wa darasa. Uzuri wake ni kwamba zinakutajia kazi ya sauti ndani ya wimbo badala ya jina la kibao. Mi ni mi katika ufunguo wowote ule, yaani kibao chochote utakachokichagua kiwe do. Na hisia, kama utakavyosikia, inafuata kazi.

Neno moja kuhusu vinanda vya siku hizi. Vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na wapigaji wengi wa makanisani hupiga kila wimbo katika C kisha wakakiachia kitufe hicho kazi iliyobaki. Siku ya ibada sikukatazi. Lakini unapojifunza, usikiguse. Ukihesabu hatua unaweza kuanzia kibao chochote, na baada ya wiki chache mkono utaijua E maina kama unavyoijua njia ya kwenu.

## Meja: hatua 4, kisha 3

Weka kidole kwenye C, ambayo hapa ndiyo do yetu. Hesabu hatua 4 kwenda juu, utaangukia E. Hesabu 3 nyingine, utaangukia G. Do, mi, so. Kutoka D kwa hesabu hiyo hiyo unapata D, F# (F iliyopandishwa hatua moja), A. Kutoka F unapata F, A, C. Piga zote tatu pamoja kwa uzito mmoja, uziache zilie mpaka zinyamaze zenyewe.

Utasikia utulivu, kama mtu aliyeketi baada ya safari. Sababu mojawapo imo ndani ya waya wenyewe. Waya ukigongwa hautikisiki mzima tu, hutikisika pia kwa vipande: nusu yake, theluthi, robo, sehemu ya tano, na kila kipande kina sauti yake hafifu. Kama waya ni wa do nene, vipande hivyo vinatoa do ya juu, so, do nyingine, halafu mi. Kwa hiyo meja tayari imo ndani ya do. Ukipata piano halisi, ya nyuzi, jaribu hivi: chagua do moja ya upande wa chini. Ruka oktavu moja (zile hatua 12) utafute so, ruka mbili utafute mi. Vibonyeze hivyo viwili polepole sana visitoe sauti, uvishikilie. Sasa igonge ile do kwa nguvu mara moja, uiachie. So na mi zitaimba zenyewe bila kuguswa. Mwanafunzi aliyewahi kulisikia hilo hahitaji kuelezwa tena kwa nini meja inatulia.

Nakuomba lakini usiiandikie meja neno "furaha" ukaishia hapo. Wimbo wa "Mungu Ibariki Afrika", ambao tuni yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, umejengwa zaidi kwa kodi tatu za meja: ile ya do, ya fa na ya so. Watu huuimba wamesimama wima, mikono ubavuni. Hisia yake ni ya sala na heshima. Kodi hizo hizo tatu ndizo mhimili wa nyimbo nyingi za rumba ya Kongo, iliyoingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya urithi wa UNESCO, na juu yake watu wameimba usaliti, umaskini na kifo. Ikifika sebene, kodi hazibadiliki hata kidogo. Gitaa la solo linapanda, ngoma zinakaza, na waliokaa wanainuka. Aliyewainua si meja, ni mwendo.

Hili lina maana kubwa msibani, na hapo ndipo ninapolijali kuliko ufundi wote. Chukua maneno ya kumuaga marehemu uyapige taratibu kwa meja: yanafariji. Yapige kwa maina: yanafungua uchungu. Yote mawili yana wakati wake. Familia iliyokaa mbele yako, macho mekundu, itapokea kile ulichochagua wewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo chagua ukijua.

## Maina: hatua 3, kisha 4

Geuza hesabu. Kutoka C, hatua 3 ni Eb (E iliyoshushwa hatua moja), halafu 4 ni G. Do na so hazikusogea. Ya kati ndiyo iliyoshuka, na kwenye solfa mi hiyo iliyoshuka tunaiita ma.

Wapiga gitaa wanaweza kuliona jambo hili kwa macho. Shika E meja ya kawaida. Kidole cha shahada kipo kwenye waya wa tatu, freti ya kwanza. Kiinue peke yake, vingine vibaki, waya ulie wazi. Hiyo ni E maina. Kirudishe. Kiinue tena. Fanya hivyo mara kumi, piga taratibu ukiusikiliza waya huo mmoja tu, mingine ipite. Nyuzi sita zinalia, na tabia yote ya kodi iko chini ya ncha ya kidole kimoja.

Karibu kila kitabu cha wanaoanza kinasema maina ni huzuni. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni wimbo wa taifa wa Kenya. "Ee Mungu Nguvu Yetu" uko katika maina. Ulitayarishwa kuelekea uhuru wa mwaka 1963, na tuni yake imetokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, watu wa bonde la Mto Tana. Mama anayembembeleza mwanawe usiku halii. Anamvuta karibu, anashusha sauti, anamzingira. Taifa likaichukua sauti hiyo ya mama, likaisimamisha wima, ikawa dua. Hapo kuna uzito, ukaribu na uzingativu. Maina inakuvuta ndani wakati meja inakutoa nje, na hiyo ndiyo tofauti ninayowafundisha wanafunzi wangu. Huzuni inakuja ukiongeza mwendo wa pole na sauti za chini. Ukiikaza maina kwa ngoma inachezeka vizuri kabisa. Bongo Fleva imejaa nyimbo za namna hiyo.

Kuna jambo moja la kuamua kila unapopiga wimbo wa maina. Tuseme uko A maina (l d m). Kodi ya tano yake, ile inayojengwa juu ya sauti ya tano kutoka la, inaweza kuwa E maina (m s t) au E meja (m se t). Wanakwaya wanaifahamu se, ile so iliyopandishwa nusu toni. Ukiitumia, iko hatua moja tu chini ya la, kwa hiyo inaisukuma kodi irudi nyumbani kwa nguvu, na wimbo unakuwa na msisimko wa kuomba na kusihi. Ukiiacha so ilivyo, msukumo unalegea, wimbo unasikika wa kale, kama kisa kinachosimuliwa bila haraka. Piga mstari mmoja wa wimbo unaoujua kwa njia zote mbili kabla hujaamua.

Na mwishoni kabisa, watunzi wa Ulaya tangu karne ya 16 walikuwa na desturi ya kumalizia wimbo wa maina kwa kodi ya meja. Ni lile zoezi la alto wangu kwa kinyume: wimbo mzima una kivuli, kisha kwenye "amina" alto wanapanda nusu toni. Litumie mara chache. Mara ya tatu katika ibada moja, watu wameshalizoea.

## Ndugu saba wa ufunguo mmoja

Sasa jenga kodi juu ya kila sauti ya ufunguo wa C, kwa vibao vyeupe pekee, ukiruka kimoja kimoja:

C meja (d m s)
D maina (r f l)
E maina (m s t)
F meja (f l d)
G meja (s t r)
A maina (l d m)
B pungufu (t r f)

Hutakiwi kuzipanga wewe hizi; ufunguo wenyewe ndio unaozizaa. Meja tatu, maina tatu, na moja isiyotulia ambayo tutaifikia. Angalia C meja na A maina: zimechangia do na mi. F meja na D maina zimechangia fa na la. Ndiyo maana moja inaweza kukaa mahali pa mwenzake bila mwimbaji kugonga ukuta.

Hapa ndipo palipo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na nakusihi usiliruke. Mwombe mtu ashike do moja, ndefu, asiibadilishe. Au iimbe mwenyewe. Chini yake piga C meja, mizani nne, yaani mapigo manne. Kisha F meja. Kisha A maina. Rudia. Mwimbaji hajasogea, lakini do yake imekuwa vitu vitatu. Juu ya C ni sakafu: imesimama. Juu ya F imekuwa kilele cha kodi, so ya F, na inasikika pana, ipo juu, kama mtu anayetazama bonde. Juu ya A maina imekuwa sauti ya kati yenyewe, ile yenye kuuma. Kwa hiyo ukiwa na wimbo ambao mstari wake unang'ang'ania sauti moja, usimlaumu mtunzi. Badilisha unachokiweka chini.

Mpangilio nao unasema. Piga C, G, A maina, F, mizani nne kila moja, uzunguke. Kisha anzia kwingine: A maina, F, C, G. Ni kodi zile zile nne kwa mfuatano ule ule, ila duara limefunguliwa mahali tofauti. Mzunguko wa kwanza unatoka nyumbani na kuchungulia kivuli. Wa pili unaamkia kivulini. Kwa wimbo wa mapenzi yaliyovunjika, huo wa pili unakupa nusu ya kazi.

## Saba: kiu ya kurudi

Chukua G meja (s t r) uongeze fa juu yake: G, B, D, F. Hesabu ni 4, 3, 3. Inaandikwa G7, maana fa ni ya saba ukihesabu kutoka so. Ipige, kisha nyamaza. Usipige kingine. Subiri sekunde tano.

Umejisikiaje? Kila ninapofanya hivi darasani kuna anayeshindwa kuvumilia na kuguna do kwa sauti. Kinachomsumbua ni ti na fa. Kati yao kuna hatua 6, nusu kamili ya oktavu, umbali usio na raha. Ti iko hatua moja chini ya do na inataka kupanda. Fa iko hatua moja juu ya mi na inataka kushuka. Waachie: piga C meja. Ti inapanda, fa inashuka, pumzi zinatoka.

Hiyo ndiyo kazi ya kodi ya saba, kuleta kiu. Iweke mwisho wa ubeti, kabla kiitikio hakijaingia, na watu wote watajua pa kuingilia hata kama kiongozi hajainua mkono. Unaweza kuielekeza popote kwa kuhesabu. Ukitaka kwenda F kutoka C, ongeza ta (ti iliyoshushwa, yaani Bb) juu ya C: d m s ta. Sasa C yenyewe imekuwa na kiu, na F inapofika inasikika kama mlango uliofunguliwa. Wapigaji wa injili hufanya hivi mara tu kabla ya kiitikio kupanda.

Tahadhari kwa wanaoanza: ukishaijua saba utataka kuiweka kila mahali. Kodi yenye kiu ikifuatwa na yenye kiu ikifuatwa na yenye kiu, msikilizaji anachoka bila kujua kwa nini. Wamarekani Weusi waliozaa bluzi waliweza kuifanya saba iwe nyumba yenyewe, kodi ya kwanza hadi ya mwisho, na ikakaa vizuri. Lakini pale wimbo mzima umekubali kutotulia. Kwenye tenzi za kawaida, saba moja kwa mstari inatosha.

## Saba nyingine mbili, za upole

Ukiongeza ti juu ya C meja (d m s t, hesabu 4, 3, 4) unapata meja saba. Ti na do zipo ndani ya kodi moja, majirani wa hatua moja, lakini zikipigwa mbali, do chini na ti juu, hazigombani. Zinatoa ukungu mwepesi: kumbukumbu nzuri, jioni, mtu anayetabasamu akiwa mbali kimawazo. Ni kodi ya wimbo wa harusi bwana na bibi wanapoingia taratibu. Kwa wimbo wa kusimama na kutangaza imani haifai, inalegeza mgongo wa wimbo.

Maina saba (l d m s, hesabu 3, 4, 3) ni maina iliyolainishwa. Iangalie vizuri: ndani yake kuna C meja nzima, d m s, imekalia la. Kwa hiyo uzito upo na mwanga upo. Ukihisi A maina inazidi uchungu unaotakiwa na maneno, ongeza so. Mpiga gitaa anainua kidole kimoja tu kwenye waya wa tatu na kazi imekwisha.

## Zinazoning'inia, na ile isiyo na mi kabisa

Toa mi, weka fa mahali pake: d f s. Hesabu ni 5 kisha 2. Kwenye karatasi utaiona imeandikwa sus4. Ukiweka re badala ya fa (d r s, hesabu 2 kisha 5) ni sus2. Kwa kuwa sauti ya kati imeondolewa, kodi haijaamua kama ni meja au maina. Inasubiri. Sus4 inasubiri kwa kukaza, fa inataka kuteremka kwenye mi. Sus2 inasubiri kwa utulivu, imeachwa wazi kama uwanja.

Matumizi yake bora ni kuchelewesha. Mahali ambapo ungepiga G meja mizani nne, piga Gsus4 mizani mbili, kisha G mbili. Wakati wa maombi ya kimya, mchungaji anaposema taratibu na hujui atamaliza lini, sus2 iliyoshikiliwa haimharakishi mtu.

Ukiondoa ya kati usiweke chochote, unabaki na do na so tu. Hii ina nguvu bila hisia ya upande wowote, ndiyo maana wapiga magitaa ya umeme ya roki huipenda: sauti iliyokwaruzwa na mashine hufanya mi isikike chafu, lakini do na so zinabaki imara.

## Mbili za kupitia tu

Pungufu ni hatua 3 na 3 (t r f). Iliyopanuka ni hatua 4 na 4 (d m se). Ya kwanza ina wasiwasi, kama mtu anayesikia nyayo nje usiku. Ya pili inaelea, haina pa kukanyaga. Wachache hutulia juu yake, na wewe usijaribu bado. Zitumie kama ngazi kati ya kodi mbili.

Pungufu ambayo kila mpigaji wa kanisani anapaswa kuwa nayo ni hii: F meja, kisha F# A C Eb zote nne (hatua 3, 3, 3), kisha C meja yenye G kwenye besi. Besi inapanda fa, fe, so, hatua moja moja, na kodi ya katikati inamwinua msikilizaji kiasi kwamba C inapofika ni kama wimbo umeanza upya. Iliyopanuka inafanya kazi hiyo kwa sauti ya juu: C meja, kisha C E G#, kisha F meja. Fuatilia so, se, la.

## Kodi ile ile, mahali tofauti

Makosa mengi ninayosikia hayatokani na kodi isiyo sahihi. Kodi ni sahihi, ila imekaa pabaya. Mi ikipigwa chini sana kwenye mkono wa kushoto, pamoja na do, inaunguruma kama tope. Mkono wa kushoto upewe do peke yake, au do na so, na mi ikae katikati ya kinanda au juu zaidi. Kwa kwaya ni hivyo hivyo: besi na tena wakikaribiana kwenye sauti za chini, kodi inazama.

Sauti iliyo chini kabisa pia inabadilisha tabia. C meja yenye C chini imesimama. Yenye E chini inatembea, inataka kuendelea. Yenye G chini inasubiri. Kwa mstari mrefu usiobadilika kodi, geuza besi tu, na wimbo utapata miguu.

Kosa jingine ni la watu wawili. Mpiga gitaa anapiga meja, mpiga kinanda anapiga sus4 ya kodi hiyo hiyo kwa wakati huo huo. Mi na fa zinagombana, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye hajui. Patanisheni kabla, na mkikwama waulizeni alto wanaimba nini. Karatasi ya solfa iko mikononi mwao, na sauti ya kati mara nyingi ni yao.

## Pale hesabu hii inapokoma

Ukialikwa kupiga kinanda kwenye taarab ya asili, yenye udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa) na fidla, nenda ukijua kwamba msingi wake ni maqamu, mpangilio wa sauti uliotoka Uarabuni, na maqamu hayakutungwa kwa ajili ya kodi. Katika rasti, mojawapo ya maqamu hayo, sauti ya tatu iko kati ya mi na ma. Haiko kwenye meja wala kwenye maina, na kinanda cha kawaida hakina kibao chake. Ukikandamiza C meja hapo unaifuta hisia ambayo mpiga fidla ameitafuta kwa kidole chake usiku kucha. Shika do na so tu, au fuata tuni pamoja na wenzako. Maqamu ya hijazi ni rahisi zaidi kwa kinanda: kutoka D ni D, Eb, F#, G, A, Bb, C. Ile nafasi ya hatua 3 kati ya Eb na F# ndiyo inayobeba ule mlio wa kulalama tunaoujua pwani. Hapo D meja, Eb meja, G maina na C maina zote zinakubalika, na D meja, ingawa ni meja kwa hesabu, haitasikika na furaha hata chembe. Imetoka Eb, hatua moja juu yake, na safari hiyo imeigeuza.

Masikio yanafundishwa na mahali yalipokulia. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa Watsimane wa Bolivia, watu ambao muziki wao hauna desturi ya sauti nyingi kwa pamoja. Walisikilizishwa kodi zinazopatana na zisizopatana, wakaziona zote zinapendeza sawa.

## Ratiba ya mwezi mmoja

Wiki ya kwanza ni meja na maina tu. Kila siku chagua vibao vitatu usivyovizoea, hesabu 4 na 3, kisha 3 na 4, ukiimba sauti ya kati kabla ya kuipiga. Kuimba ni lazima, hata kama sauti yako si nzuri. Kisichopita kooni hakikai sikioni.

Wiki ya pili, ndugu saba na zoezi la do iliyoshikwa. Wiki ya tatu, saba na sus, kila moja ikiwa na kodi ya kabla yake na ya baada yake. Usizipige peke yake, maana utajifunza mlio bila kujifunza kazi.

Wiki ya nne chukua wimbo mmoja mfupi, beti mbili zinatosha. Upige kwa kodi zake za kawaida, uurekodi kwa simu. Upige tena ukibadilisha kodi tatu tu: meja moja iwe maina ya nduguye, moja uicheleweshe kwa sus4, moja uigeuze besi. Rekodi. Kisha mpelekee mtu wa nyumbani asiyejua muziki, umsikilizishe zote mbili bila kumweleza chochote, na umwombe akuambie kila mahali anahisi nini kwa maneno yake. Yaandike kwenye daftari, kila neno kando ya kodi yake. Langu limechakaa sasa, lakini ukurasa wa sus4 bado unasomeka, na aliyenipa maneno yake ni bibi yangu, ambaye hakuwahi kugusa kinanda. Aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza mpaka kodi ikanyamaza, akasema: "Huyo yuko mlangoni, hajabisha hodi."